Goldschmidt: Mtu Aliyepima Nafasi ya Kila Chembe

Wanachuo wenzangu, ukisoma Morogoro huwezi kuikimbia milima. Ukishuka kwenye basi pale Msamvu unaiona. Ukitoka hosteli asubuhi kwenda kipindi, Lupanga iko palepale, imejifunika wingu. Wengi wetu tunaitazama Uluguru kama picha ya ukutani. Mimi nasoma sayansi ya udongo, kwa hiyo nimelazimika kuitazama kama ghala, na ghala lenyewe limejaa oksidi. Ule wekundu unaoganda kwenye viatu wakati wa masika ni oksidi za chuma. Rubi na spineli zinazochimbwa Matombo, upande wa mashariki wa milima, nazo ni oksidi, ila zimepata bahati ya kupendwa na wanaonunua pete.

Sasa, kwa nini chembe moja inakubaliwa kuishi ndani ya oksidi na nyingine inasukumwa nje? Na kwa nini uso wa kitu mara nyingi haufanani na ndani yake? Mtu aliyetupa kipimo cha kuanzia aliitwa Victor Moritz Goldschmidt, na alifariki mwaka 1947. Wanajiolojia wanamwita baba wa jiokemia ya kisasa. Ukurasa huu wa maisha ya watu mashuhuri umezoea wanasiasa na wanamuziki. Leo naomba tumpe nafasi mkemia, maana maisha yake yana mambo ambayo hata mtu wa sheria au wa biashara atayaelewa vizuri sana.

Goldschmidt alizaliwa Zürich, Uswisi, tarehe 27 Januari 1888, katika familia ya Kiyahudi. Alikuwa mtoto pekee. Baba yake, Heinrich, alikuwa mkemia, na jina la Victor alilichagua kwa heshima ya Victor Meyer, mkemia mwenzake. Kazi ya baba ndiyo iliyoihamisha familia mji hadi mji, mpaka mwaka 1901 mzee alipopata uprofesa Kristiania, mji ambao leo tunauita Oslo. Kijana alikuwa na miaka 13. Akajifunza lugha mpya na akazoea baridi mpya. Mwaka 1905 familia ikapata uraia wa Norway.

Chuoni aliangukia mikononi mwa W. C. Brøgger, mwanajiolojia mkubwa wa Norway wa wakati ule. Mwaka 1911, akiwa na miaka 23, akamaliza udaktari. Utafiti wake ulihusu miamba iliyopikwa upya pale uji wa moto kutoka chini ya ardhi ulipopenya na kuigusa. Wengine waliokuwa wakiitazama miamba hiyo waliona mchanganyiko usio na mpango. Yeye aliona kwamba idadi ya madini yanayoweza kukaa pamoja ina kikomo, na kikomo hicho kinatokana na kanuni za kemia. Yaani mlima nao una sheria zake, na sheria hizo zinaweza kuandikwa kwenye karatasi. Mwaka 1914 akawa profesa na mkuu wa taasisi ya madini. Alikuwa na miaka 26. Hapo sasa, piga hesabu mwenyewe: katika umri huo wengi wetu bado tunawaza sapu na bumu limechelewa.

Vita ya Kwanza ya Dunia ikamtoa kwenye nadharia. Norway haikuwa vitani, lakini biashara ilikwama na malighafi zikaadimika. Serikali ikamkabidhi maabara ya malighafi, na swali likawa la kawaida kabisa: tuna nini humu nchini mwetu, na kinaweza kufanya kazi gani? Alichunguza mika kama chanzo cha potasiamu kwa mimea. Alitengeneza pia njia ya kutumia olivini, jiwe la kijani lililojaa tele Norway, kufyatulia matofali ya tanuru yanayovumilia moto mkali. Nikisoma habari hiyo nawaza mika ya Uluguru, ambayo imechimbwa tangu enzi za Wajerumani na kusafirishwa ng'ambo. Swali lake bado linatuhusu: jiwe lako unalijua kwa bei ya mnunuzi tu, au unajua pia linaweza kufanya nini?

Kazi iliyompa jina ilikuja miaka ya 1920. Wakati huo wanasayansi walikuwa wamejifunza kutumia mionzi ya eksirei kupima mpangilio wa atomu ndani ya fuwele. Goldschmidt na vijana wake wa Oslo wakaingia kazini kwa kasi ya ajabu. Walipima miundo ya misombo ipatayo 200, na kati ya 1923 na 1938 wakaitoa kazi hiyo katika mfululizo wa machapisho kuhusu sheria za mgawanyo wa elementi duniani. Mwaka 1926 likatoka jedwali la ukubwa wa ioni, na jedwali hilo ndilo lililobadilisha mchezo.

Kabla ya hapo, ukitaka kujua kwa nini elementi fulani inapatikana ndani ya jiwe fulani, ulitazama familia yake ya kikemia. Goldschmidt alisema, kwa maana nyepesi, kwamba familia haitoshi. Fuwele ni kama nyumba ya vyumba vilivyopimwa. Ioni ngeni inaweza kuchukua chumba cha mwenyeji kama ukubwa wake haujatofautiana sana na wa mwenyeji, takriban asilimia 15, na kama chaji zao za umeme zinakaribiana. Ukipita hapo, fuwele inaumia. Kuta zinasukumwa au zinavutwa. Huo ndio mkazo, na mkazo una gharama ya nishati ambayo lazima ilipwe mahali fulani.

Twende Matombo tuone. Rubi ni oksidi ya alumini ambayo baadhi ya ioni zake za alumini zimepisha ioni za kromi. Kwa vipimo vya leo, ioni ya alumini ndani ya jiwe hilo ina nusu kipenyo cha pikomita 54 hivi, na kromi 62 hivi. Pikomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya milimita, kwa hiyo tofauti hiyo inaonekana si kitu. Lakini ni asilimia 15, yaani kromi inapita mlangoni kwa kujibana. Ikikaa na oksijeni nyumbani kwake, oksidi ya kromi ni ya kijani. Ikiingia kidogo ndani ya chumba cha alumini inakuta nafasi finyu, na kule kubanwa ni sehemu kubwa ya maelezo ya kwa nini jiwe linageuka jekundu. Ukizidisha kromi, chumba chote kinatanuka, mkazo unapungua, na wekundu unapotea kuelekea kijivu na kijani. Kwa hiyo dada anayevaa rubi ya Uluguru kidoleni amevaa mkazo. Mlima uliipika ndani ya marumaru, kwa joto na mgandamizo wa mamia ya mamilioni ya miaka iliyopita, na rangi imebaki kuwa ushahidi kwamba kuna chembe imebanwa humo.

Katika mwaka huohuo wa 1926 Goldschmidt alishughulika pia na kundi la oksidi liitwalo perovskaiti. Hizi zina aina mbili za ioni za metali, kubwa na ndogo, pamoja na oksijeni. Akatengeneza hesabu fupi: chukua ukubwa wa hizo tatu, uwianishe, upate namba moja. Ikiwa karibu na 1, nyumba inasimama wima. Ikienda mbali na 1, kuta zinajikunja au muundo unageuka kuwa kitu kingine. Ni hesabu unayoweza kuifanya nyuma ya tiketi ya daladala. Hadi leo wanafunzi wa sayansi ya vifaa duniani kote wanaanza nayo kabla hawajawasha tanuru.

Mwaka 1929 akahamia Göttingen, Ujerumani, ambako sayansi ilikuwa imechemka kuliko karibu popote pengine. Miaka minne baadaye Wanazi wakashika dola. Maprofesa wa Kiyahudi wakaanza kuondolewa, majirani wakaanza kupishana nao bila salamu. Goldschmidt alivumilia hadi 1935, kisha akajiuzulu na kurudi Norway pamoja na baba yake mzee. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na maabara yake, na Oslo ikampokea tena.

Lakini tarehe 9 Aprili 1940 Ujerumani ikaivamia Norway, na kile alichokikimbia kikamfuata mlangoni. Oktoba 1942 alikamatwa na kupelekwa kambi ya Berg. Afya yake, ambayo haikuwa nzuri tangu hapo, iliharibika zaidi. Akaachiwa, kisha akakamatwa tena mwishoni mwa Novemba. Tarehe 26 Novemba 1942 alikuwa bandarini Oslo pamoja na Wayahudi wengine wa Norway, wanaume, wanawake na watoto zaidi ya 500, waliokuwa wakipakiwa kwenye meli iitwayo Donau. Safari ile iliishia Auschwitz, na waliorudi hai wanahesabika kwa vidole. Goldschmidt alitolewa pale gatini dakika za mwisho, kwa sababu wanasayansi wenzake walikuwa wamewashawishi wakubwa kwamba ujuzi wake bado ungeweza kuifaa serikali.

Hapa mimi husimama kidogo kila nikiyasoma maisha haya. Mtu mmoja aliokolewa kwa sababu alionekana ana matumizi. Zaidi ya 500 wakaingia melini, kati yao watoto ambao hakuna aliyejua wangekuja kuwa nani. Ni jambo la kufurahia kwamba alipona, na ni jambo la kutisha kwamba kipimo kilikuwa kile. Jina na ukoo vilitosha kumpeleka mtu kwenye kifo, na manufaa yake kwa watawala ndiyo pekee yaliyoweza kumrudisha. Yeye, ambaye kazi yake yote ilionyesha kwamba familia ya elementi haitoshi kueleza mahali pake, alijikuta mikononi mwa watu ambao kwao ukoo ulikuwa kila kitu.

Desemba hiyohiyo rafiki zake wakamvusha kwa siri hadi Sweden, na Machi 1943 akafika Uingereza. Na hapa ndipo anapokuja karibu kabisa na sisi tunaosoma udongo. Alifanya kazi Taasisi ya Macaulay, Aberdeen, kisha Rothamsted, vituo viwili vya utafiti wa udongo na kilimo. Mtu aliyepima fuwele za dunia nzima akamalizia miaka yake ya uhamishoni akijadili madini ya shambani. Mwaka 1946 akarudi Oslo. Mwili ulikuwa umeshachoka, na tarehe 20 Machi 1947 akafariki, akiwa na miaka 59. Kitabu chake kikubwa cha jiokemia alikiacha hakijakamilika. Wenzake wakakikamilisha, na kikatoka mwaka 1954.

Alivyokufa, hesabu zake hazikufa. Ngoja nieleze mahali zilipofika, maana ndipo swali la uso linapopata jibu.

Siku hizi wataalamu wanatengeneza tando za oksidi zenye unene wa makumi ya nanomita tu, nyembamba kuliko unywele mara elfu na zaidi. Utando unaoteshwa juu ya fuwele nyingine inayoitwa msingi. Kama vipimo vya utando na msingi havilingani, utando unalazimika kujirekebisha. Wanahosteli wanaijua hali hii: shuka dogo kwenye godoro kubwa linavutwa pembe zote, na shuka kubwa kwenye godoro dogo linajikunja. Tofauti ya asilimia 1 au 2 inatosha kuleta mkazo mkubwa. Hata kikombe cha chai chenye vinyufa vyembamba kama utando wa buibui kinasimulia kisa hichohicho: ile ngozi ya kung'aa ilipopoa ilisinyaa kuliko kikombe chenyewe, ikavutwa, ikapasuka.

Lakini kabla ya kupasuka, utando una njia nyingine ya kupumua: unaweza kubadilisha nani anakaa usoni. Chukua perovskaiti ya lanthani, strontiamu na manganizi, ambayo hutumika kwenye seli za mafuta, vifaa vinavyotoa umeme kutoka kwenye gesi bila kuichoma kwa moto. Strontiamu, yenye pikomita 144, inakaa kwenye chumba cha lanthani, yenye 136. Ndani kabisa inasukumana na majirani pande zote. Usoni majirani ni wachache. Ni kama abiria mwenye mzigo mkubwa katikati ya daladala iliyojaa: akipata upenyo atasogea mlangoni. Joto ndilo linalompa upenyo huo. Kwa hiyo utando ukipashwa moto, strontiamu inapanda juu, na baada ya muda uso unafunikwa na oksidi yake, ambayo inaziba njia ya oksijeni. Kifaa kinaanza kuchoka, ingawa ukikipima kwa ujumla wake mchanganyiko ni uleule uliopikwa siku ya kwanza.

Mwaka 2013 watafiti walilinganisha kalsiamu, strontiamu na bari katika oksidi za jamii hiyo. Ioni iliyotofautiana zaidi na mwenyeji kwa ukubwa ndiyo iliyokimbilia usoni zaidi. Goldschmidt angetabasamu. Lakini asingetabasamu kwa muda mrefu, maana kuna jambo linalokataa urahisi huo. Mwaka 2011 watafiti wa MIT, Marekani, waliotesha utando wa aina hiyo kwa hali mbili, mmoja umevutwa na mwingine umebanwa. Mtu angedhani ule uliovutwa una nafasi zaidi ndani, kwa hiyo strontiamu itatulia. Ikawa kinyume: uso wa utando uliovutwa ulikuwa na strontiamu nyingi zaidi. Katika hali ya kuvutwa, oksijeni hutoka kwa urahisi na kuacha mapengo. Mapengo hayo yana chaji chanya ikilinganishwa na mahali pengine, na strontiamu, yenye chaji pungufu kuliko lanthani, inavutwa nayo. Ukubwa na chaji vinafanya kazi pamoja. Ndivyo kanuni ya 1926 ilivyosema tangu mwanzo, ila sisi tunapenda kukumbuka nusu tu, ile iliyo rahisi kwenye mtihani.

Kwani haya yote yanamhusu nini mkulima wa Uluguru? Yanamhusu, tena sana. Mmea haukutani na ndani ya punje ya udongo; unakutana na uso wake. Kwenye udongo mwekundu, nyuso za oksidi za chuma na alumini ndizo zinazoishika fosfeti ya mbolea na kuing'ang'ania, mkulima akabaki anashangaa hela yake imeenda wapi. Alumini huingia kwenye vyumba vya chuma ndani ya oksidi hizo, ikazibana na kuzibadilisha umbo. Ukisaga sampuli yote na kupima jumla tu, utapata namba nzuri ya kuandika kwenye ripoti ya mafunzo kwa vitendo, lakini swali la mkulima litakuwa halijajibiwa.

Yanamhusu pia mchimbaji. Katika biashara ya mawe, titani ikiingizwa kwa moto ndani ya yakuti ya samawati huishia karibu na uso, na ukilikata upya jiwe rangi inaweza kuondoka. Berili ni ndogo zaidi, kwa hiyo hupenya mbali ndani. Njia hiyo ya berili ilianza kujulikana sokoni miaka ya 2000 mwanzoni, na mawe ya Songea yetu yalikuwa miongoni mwa yaliyopitishwa humo, huko Thailand. Thamani iliongezeka nje ya nchi, mikononi mwa wanaojua nani mdogo na nani mkubwa. Nikiwaona vijana wakimulika jiwe kwa tochi pale mjini na kubishana bei, najua macho yao ni makali kuliko yangu. Walichokosa ni maabara, na hilo ni deni letu sisi tuliopewa nafasi ya kusoma.

Sipendi kulinganisha watu na ioni. Ioni haina mama anayeisubiri, wala haina haki ya kudai. Chembe ikikosa nafasi inasukumwa nje na hakuna dhambi. Mtu akisukumwa nje kuna aliyemsukuma, na huyo ana jina. Ninachokichukua kwa Goldschmidt ni tabia ya kazi. Hakuridhika na jina la kitu wala na familia yake, alikipima. Na alipopewa swali la nchi yake, hakuona aibu kutoka kwenye nadharia kwenda kufyatua matofali.

Uluguru ipo, mika ipo, rubi ipo, udongo mwekundu upo mpaka kwenye soksi zetu. Ukipata nafasi ya kuchagua mada ya utafiti mwaka wa mwisho, usikimbilie ile ambayo kaka zetu wameirudia miaka kumi. Panda kidogo mlimani, chukua jiwe au konzi ya udongo, kisha jiulize usoni pake kuna nini, ndani yake kuna nini, na kwa nini havifanani.